Tusiyasingizie Maumbile

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma waliokusanyika katika ukumbi mmoja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam.)

Mimi si daktari wala si mtaalamu wa elimu ya viumbe. Kazi yangu ni kuandika. Lakini liko jambo moja la elimu hiyo ambalo limetoka katika maabara na kuingia katika nyumba zetu, mashule yetu na maofisi yetu, na huko limepotoshwa kiasi cha kuwaumiza watu. Jambo hilo ni tofauti ya maumbile kati ya mwanamume na mwanamke: inatoka wapi, inafika wapi na inaishia wapi.

Ukitoka katika ukumbi huu ukavuka Mtaa wa Lumumba, umeingia Kariakoo. Jina lenyewe, kama mjuavyo, limetokana na kikosi cha wapagazi Waafrika wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo mtaa huo unaishi kwa mizigo. Wenye kuvuta mikokoteni na kubeba magunia ya lumbesa ni wanaume. Wenye kupika wali na maharage kandokando ya njia ni wanawake. Tunawaita mama lishe. Mwulize mpita njia yeyote kwa nini mambo yamepangika hivyo, atakujibu bila kufikiri: "Ndivyo tulivyoumbwa." Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini kweli hiyo imefungwa gunia moja na uongo. Shabaha yangu leo ni kulifungua gunia hilo na kuchambua.

Nianze na kisa. Si siku nyingi zilizopita, katika Mtaa wa Kongo, nilizungumza na mama mmoja muuza khanga. Ana watoto wanne, wote wa kike. Mumewe alimwacha akaoa mke mwingine, kwa hoja kwamba huyu wa kwanza amelikatisha jina la ukoo. Kabla ya hapo mama huyo alikuwa amekwisha kunywa dawa za kila namna, kwa fedha za mtaji wake, ili apate mtoto wa kiume. Lililonisikitisha zaidi si kitendo cha yule bwana, bali ni kwamba mama mwenyewe alikubali hukumu ile. Aliniambia: "Mwanangu, tumbo langu ndilo lenye ila."

Ndugu zangu, tumbo lake halikuwa na ila yoyote. Elimu imelithibitisha jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1905, huko Marekani, mtafiti mwanamke aitwaye Nettie Stevens, akichunguza wadudu, aligundua kwamba jinsia ya kiumbe inafuatana na kromosomu zilizomo katika mbegu ya dume. Kromosomu ni vijiuzi vidogo mno vilivyomo katika seli za mwili, navyo hubeba chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Kwa binadamu, yai la mama daima hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y. Ikitangulia yenye X, mtoto kwa kawaida huwa wa kike. Ikitangulia yenye Y, huwa wa kiume. Mama hana Y ya kumpa mtu.

Wazee wetu wamezoea kumfananisha mke na shamba na mume na mpanzi. Mfano huo haumtendei mama haki, kwa kuwa naye hutoa nusu ya chembe za urithi za mtoto. Lakini hata tukiukubali kwa dakika moja, je, ni mkulima gani apandaye mtama kisha akaligombeza shamba kwa kutootesha mahindi? Apandacho mtu ndicho avunacho. Wala simlaumu baba, maana naye hachagui ni mbegu ipi itakayotangulia. Ni kama kurusha sarafu. Kwa hesabu hiyo, katika kila familia 16 zenye watoto wanne, moja hivi hutazamiwa kuwa na wasichana watupu, na nyingine moja wavulana watupu. Yule bwana wa Mtaa wa Kongo ameoa mke wa pili, na sarafu aliyonayo mkononi ni ile ile.

Sasa tuingie ndani ya mji wa mimba tuone kinachotendeka. Katika majuma ya mwanzo mimba ya kike na ya kiume hazitofautiani kwa umbo. Kila moja inazo njia mbili, ile ya kujenga viungo vya uzazi vya kike na ile ya kujenga vya kiume. Kiasi cha juma la sita au la saba, jeni moja iliyomo katika kromosomu Y huanza kufanya kazi. Jeni hiyo, ambayo watafiti wa London waliitambua mwaka 1990 na kuiita SRY, hutoa amri ya kwanza ya kujenga korodani. Korodani zikishaanza kujengeka hutoa homoni, hasa testosteroni, na homoni hizo husafiri katika damu zikielekeza viungo vingine vijengwe kiume. Pasipo amri hiyo, jeni nyingine huongoza ujenzi wa viungo vya kike. Kwa hiyo jeni huanzisha safari, na homoni huiendeleza, miezi mingi kabla mkunga hajasema "ni mvulana" au "ni msichana".

Tofauti hiyo ina matokeo yake katika afya, na hapa ndipo tunapokuta jambo litakalowashangaza wale wanaoamini kwamba mwanamume ameumbwa imara kwa kila hali. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume anayo moja tu. Jeni moja katika X ya msichana ikiwa na hitilafu, mara nyingi ile ya pili humsitiri. Mwaka 1961 mtafiti wa Kiingereza, Mary Lyon, alieleza kwamba katika kila seli ya mwanamke X moja hunyamaza na nyingine ikafanya kazi, hivyo mwili wake ni mchanganyiko wa seli za namna mbili. Mvulana hana akiba hiyo. X yake ikiwa na hitilafu, hana pa kukimbilia.

Chukueni mfano ulio karibu nasi. Uko upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao jeni yake imo katika X. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi bila kujua, mpaka siku atakapopewa dawa fulani, kama vile primakwini ya malaria, ndipo chembe nyekundu za damu yake zinapopasuka na yeye akaishiwa damu. Hali hii ipo kwa wingi katika sehemu zilizozoea malaria, pamoja na pwani yetu, na huwapata zaidi wavulana. Mwaka 1961 watafiti Anthony Allison na David Clyde walichapisha uchunguzi uliohusisha upungufu huu na malaria kwa watoto wa Kiafrika. Kwa maneno mengine, historia ya mbu na homa katika nchi zetu imeandikwa hata ndani ya chembe zetu za urithi, na imeandikwa kwa namna moja kwa mvulana na kwa namna nyingine kwa msichana.

Ndugu walimu, upo mfano mwingine unaowahusu ninyi. Kutotofautisha rangi nyekundu na kijani ni jambo lililomo katika X vilevile. Kwa watu wenye asili ya Ulaya humpata mwanamume mmoja hivi kati ya 12. Kwetu Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na karibu wote ni wavulana. Mwalimu akiandika kwa chaki nyekundu juu ya ubao wa kijani, au akichora ramani ambayo mipaka yake inatofautiana kwa rangi hizo tu, huenda yupo mvulana katika darasa asiyeona kitu, naye huchapwa kwa uvivu. Kosa hilo si lake, na dawa yake ni chaki nyeupe.

Tazameni pia takwimu za uhai. Duniani, kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa, huzaliwa wavulana kiasi cha 105. Hata hivyo, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120, na kati yao wanawake walikuwa asilimia 51 na wanaume asilimia 49. Sababu ni nyingi, zikiwamo ajali, kazi za hatari, ulevi na uzito wa wanaume kwenda hospitali. Lakini kuna sababu ya maumbile pia, nayo huanza siku ya kwanza ya maisha. Mtoto wa kiume akizaliwa kabla ya siku zake, mapafu yake kwa wastani huwa hayajakomaa kama ya mwenzake wa kike. Homoni zile zile zilizomjenga akawa wa kiume huchelewesha kutengenezwa kwa utelezi unaovizuia vifuko vya hewa visigandamane. Ndiyo maana wakunga wenye uzoefu humwangalia kichanga wa kiume aliyezaliwa njiti kwa hofu ya ziada. Hili halimpunguzii mvulana hadhi. Linatuonyesha tu kwamba maumbile hayakumpa mmoja nguvu zote na mwingine udhaifu wote.

Hadi hapa nimezungumzia mwili. Swali gumu ni hili: je, jeni na homoni za tumboni zinafika mpaka katika akili na tabia? Mtu mkweli atajibu kwamba zinafika, lakini si mbali kama wengi wanavyodhani. Uko ugonjwa wa kurithi wa tezi zilizo juu ya figo, ambao humfanya mtoto wa kike apate homoni za kiume kwa wingi akiwa tumboni. Watoto hao wamechunguzwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali. Kwa wastani huvutiwa na michezo ya kivulana kuliko dada zao, lakini walio wengi hujiona kuwa wasichana na hukua wakawa wanawake. Basi homoni imegusa kitu, lakini haikuamua kila kitu. Tena tukumbuke maana ya neno wastani. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini kila mmoja wetu anamjua mwanamke aliye mrefu kuliko wanaume wengi. Wastani hautufundishi lolote la yakini kuhusu mtu aliyesimama mbele yetu.

Nchi yetu wenyewe imetoa ushahidi mzuri katika mjadala huu. Mwaka 2009 wachumi Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha matokeo ya jaribio lao miongoni mwa Wamasai wa Tanzania na Wakhasi wa India. Wakhasi hufuata ukoo wa mama, na mali hurithiwa na binti. Kila mtu alitakiwa kutupa mpira ndani ya ndoo, na achague: alipwe kidogo kwa kila mpira unaoingia, au ashindane na mtu mwingine apate malipo makubwa endapo atashinda. Kwa Wamasai, wanaume waliochagua kushindana walikuwa kiasi cha mara mbili ya wanawake. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka, wanawake wakawatangulia wanaume. Ikiwa moyo wa kushindana umo katika testosteroni peke yake, kwa nini ubadilike mtu anapovuka kutoka jamii moja kwenda nyingine?

Mwaka huo huo wa 2009 ilichapishwa habari ya uchunguzi mwingine, wa Wahadzabe na Wadatoga wa kaskazini mwa nchi yetu. Kwa desturi, baba wa Kihadzabe hushiriki sana kumlea mtoto mchanga. Baba wa Kidatoga huwaachia kina mama. Watafiti walipima testosteroni. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Jambo hili latupasa tulitafakari. Tumezoea kusema kwamba mwanamume halei kwa sababu ya homoni zake. Matokeo yale yanaelekeza kwamba huenda mambo yakaenda upande wa pili pia, yaani mwanamume akilea, homoni zake nazo hufuata.

Ndugu Mwenyekiti, maumbile yenyewe wakati mwingine hukataa kukaa katika masanduku mawili tuliyoyatengeneza. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mbio za mita 800 za wanawake, medali zote tatu zilichukuliwa na Waafrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu walizaliwa na kulelewa wasichana, lakini miili yao hutoa testosteroni kwa kiwango cha juu kuliko kawaida ya wanawake. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2019 ziliwataka wapunguze homoni kwa dawa au waache mbio hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote, na tangu Septemba 2025 wanawake wanaotaka kushindana katika mashindano makubwa ya dunia ya riadha hupimwa ile jeni ya SRY. Wapo wanaozitetea kanuni hizo kwa ajili ya usawa wa mashindano, na hoja yao haifai kubezwa. Lakini hakuna hoja inayohalalisha mtu kuchekwa na kuvuliwa utu wake kwa jinsi alivyozaliwa. Mwalimu akiwa na mtoto wa aina hiyo katika darasa lake, wajibu wake wa kwanza ni kumstahi.

Sasa turudi Kariakoo tulimalize lile gunia. Ni kweli kwamba testosteroni ya ujanani humpa mwanamume, kwa wastani, misuli mikubwa zaidi ya mikono na mabega. Hii ni sababu mojawapo ya kuli kuwa mwanamume. Lakini mbona mwanamke anayebeba ndoo ya maji ya lita 20 kichwani, mtoto mgongoni na kuni mkononi, hakuna amwambiaye kwamba maumbile yake hayamruhusu? Maumbile ya mwanamke hukumbukwa pale penye ujira, na husahaulika pale pasipo na ujira. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini alikiri kwamba wanawake katika jamii yetu ya jadi walifanya kazi kupita fungu lao. Na barabara inayopita nje ya ukumbi huu ina jina la Bibi Titi Mohamed, ambaye tangu mwaka 1955 aliwaingiza maelfu ya wanawake wa mji huu katika TANU. Wapo waliosema wakati ule kwamba siasa si kazi ya mwanamke. Tangu Machi 2021 nchi hii inaongozwa na Rais mwanamke.

Basi iko kanuni moja nyepesi ambayo naomba tuondoke nayo. Pale penye tofauti ya kweli ya maumbile, tuiheshimu kwa vitendo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Huo si upendeleo. Ni ukweli wa maumbile uliotiwa katika sheria. Ofisa anayemnyima mama haki hiyo, au anayemnyima cheo kwa kuwa aliitumia, anapigana na sheria na maumbile kwa pamoja.

Na pale tofauti inapokuwa imetengenezwa na sisi wenyewe, tusiyasingizie maumbile. Kushika mimba ni maumbile. Kufukuzwa shule kwa sababu ya mimba ilikuwa ni kanuni ya watu. Kwa miaka mingi tuliichanganya mikono hiyo miwili, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi darasani. Homoni zao hazikubadilika mwezi ule. Kilichobadilika ni uamuzi.

Ndugu walimu, ninyi mnawapata watoto kabla hawajaoa wala kuolewa. Somo la X na Y lipo katika vitabu vyenu. Msilifundishe kama swali la mtihani tu. Semeni wazi kwamba maana yake ni hii: mke asiachwe kwa kuzaa wasichana. Nanyi ndugu watumishi, mnakaa katika mabaraza ya kata, ofisi za ustawi wa jamii na zahanati, ambako kesi za namna hii huletwa. Msiziite mambo ya nyumbani.

Nilirudi Mtaa wa Kongo kumweleza yule mama habari hii ya X na Y. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja khanga aliyokuwa ameikunjua kwa mteja, kisha akaniuliza: "Sasa hayo mbona unaniambia mimi? Mbona hukumwambia yeye?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Leo nimewaambia ninyi, kwa sababu ninyi mna njia za kumfikia yeye na wengine mfano wake.